Kuaminisha na Kuaminika: Funzo la Kililana kwa Kampuni za Programu

1.0 Utangulizi

Kitenzi "amini" huzaa vitenzi viwili ambavyo mwanafunzi wa mofolojia huvipanga katika jedwali moja bila kutafakari umbali uliopo baina yao. Cha kwanza ni "aminisha", katika kauli ya kutendesha; cha pili ni "aminika", katika kauli ya kutendeka. Anayeaminisha huwafanya wengine waamini, na aghalabu chombo chake ni maneno. Anayeaminika yumo katika hali ambayo wengine wameithibitisha wenyewe kwa kuyatazama matendo yake. Makala hii inajadili namna kampuni kubwa ya programu za kompyuta inavyoweza kurejesha imani ya umma iliyopotea. Hoja yake ni kwamba kampuni hushindwa inapojitahidi kuaminisha badala ya kuaminika. Mfano wa kwanza hautoki katika kompyuta, bali katika bandari, kwa kuwa huko uhusiano wa mkubwa na mdogo unaonekana kwa macho.

2.0 Funzo la Kililana

Kililana ipo upande wa bara wa Lamu, kwenye Ghuba ya Manda. Ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa huko tarehe 2 Machi 2012 kwa ahadi za ajira na biashara. Mwaka huo huo wakazi wa Lamu walifungua kesi. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za kupata habari, kushirikishwa, kulinda utamaduni wao na kuishi katika mazingira safi zilikiukwa. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya.

Hukumu hiyo haikuikataa bandari, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kilicholaumiwa ni utaratibu: watu wa bahari waliamuliwa mambo ya bahari yao bila kuelezwa ipasavyo. Pengo hilo halikuwa la uhaba wa matangazo, na hivyo matangazo zaidi yasingeliziba.

3.0 Taarifa za Watu ni Amana

Maneno "imani" na "amana" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu ili aitunze. Haiwi yake, na mwenyewe akiitaka hurudishiwa. Taarifa ambazo umma huzikabidhi kwa kampuni ya programu zina sifa hizo hizo.

Mradi wa Worldcoin, ulioanzishwa na kampuni ya Tools for Humanity ya Marekani, unadhihirisha jambo hili. Mwaka 2023 Wakenya wengi walipanga foleni Nairobi ili macho yao yapigwe picha kwa chombo maalumu, nao wakapewa sarafu za kidijitali. Mwezi Agosti mwaka huo serikali iliusimamisha mradi. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za kimaumbile zifutwe ndani ya siku saba, kwa kuwa tathmini ya athari iliyotakiwa na sheria haikufanywa ipasavyo na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha sarafu. Kama Kililana, wenye mali hawakuwa wameelezwa vya kutosha kabla ya mali yao kuguswa. Tofauti ni kwamba mvuvi huiona ghuba ikifukuliwa, ilhali mwenye jicho haoni picha yake inakokwenda.

4.0 Kutoka Maneno hadi Matendo

Je, imani iliyopotea hurejeshwa? Mwaka 2001 programu hasidi za Code Red na Nimda zilishambulia kompyuta zilizotumia programu za Microsoft, na sifa ya kampuni hiyo ikaporomoka. Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi kwamba pakiwa na hiari baina ya kuongeza madoido na kuimarisha usalama, usalama utangulie. Waraka huo peke yake ungekuwa kuaminisha tu. Lakini kampuni ilisimamisha kazi ya kutunga Windows na kuwafunza usalama wahandisi wapatao 8,500. Hata hivyo, Agosti 2003 programu hasidi ya Blaster ilienea. Oktoba mwaka huo Microsoft ilianza kutoa marekebisho ya usalama kwa siku maalumu kila mwezi, na mwaka 2004 ikatoa toleo la Windows XP ambalo ukuta wake wa kinga uliwashwa tangu mwanzo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kampuni isimlaumu mtumiaji kwa kushtuka. Iondoe nyoka, kisha imwonyeshe kuwa uliobaki ni ung'ongo.

5.0 Hitimisho

Mifano hii inatoa masharti manne. Kampuni ilitaje kosa kwa lugha ambayo mwathiriwa anaielewa. Irudishe, ifute au ifidie kilichochukuliwa. Ikubali kukaguliwa na chombo isichokimiliki. Na irudie matendo hayo kwa miaka. Katika sharti la kwanza mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya, kwa kuwa ridhaa iliyotolewa kwa masharti yasiyoeleweka si ridhaa. Kuaminisha huweza kukamilika kwa tangazo la siku moja. Kuaminika huamuliwa na mwenye amana, wala si na aliyewekeshwa.

Maswali ya Mjadala

1. Linganisha maana za "aminia", "aminika" na "aminisha" kwa mifano ya sentensi.
2. Tafsiri masharti ya programu moja ya simu kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Ghuba ya Manda atakielewa. Ni istilahi zipi zilizokutatiza?