Leaf ya Zamani na Leaf Mpya: Somo la Betri na Aibu ya Bidhaa



Ndugu msomaji, tunaposoma mlango wa biashara katika fiqhi, mifano mingi ni ya ngamia, mbuzi, tende na visima. Leo tuchukue bidhaa ya zama zetu: Nissan Leaf, gari dogo la umeme la milango mitano. Leaf zilizotumika Japani zina usukani wa kulia, kama magari ya Uganda, Kenya na Tanzania, kwa hiyo ni miongoni mwa magari ya umeme ambayo mtu wa kipato cha kati huku kwetu anaweza kuyafikiria. Swali lake la kwanza huwa: ninunue ya zamani au mpya? Jibu la somo hili ni kwamba mwaka wa gari hautoshi kujibu swali hilo. Kinachonunuliwa hasa ni betri.

Vizazi viwili

Betri ya gari la umeme ni kama tangi la mafuta, na badala ya lita tunahesabu kilowati-saa. Leaf ya kwanza ilianza kuuzwa Desemba 2010. Betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24 na mota ya kilowati 80. Katika vipimo vya serikali ya Marekani, gari la mwaka 2011 lilipewa kilomita 117 kwa chaji moja. Baadaye kizazi hicho hicho kikapata betri ya kilowati-saa 30, na umbali ukafika kilomita 172.

Kizazi cha pili kilianza kuuzwa Japani Oktoba 2017. Betri ni kilowati-saa 40, mota kilowati 110, na kwa vipimo hivyo hivyo vya Marekani gari linakwenda kilomita 243. Mwaka 2019 ikaongezwa Leaf ya kilowati-saa 62. Kizazi hiki pia kina mfumo wa kuongeza mwendo na kupunguza hadi kusimama kwa pedali moja.

Angalia kipimo kabla ya kulinganisha. Matangazo ya Japani yalitaja kilomita 200 kwa Leaf ya kwanza na 400 kwa ya pili, kwa sababu kipimo chao cha wakati ule kilikuwa chepesi kuliko barabara halisi. Muuzaji akikutajia namba, muulize ni ya kipimo gani.

Yasiyobadilika

Vizazi vyote viwili havina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto huzeesha betri. Ndiyo maana malalamiko ya mwanzo yalivuma kutoka Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani, ambako betri zilipungua nguvu mapema. Katika kizazi cha pili, ukichaji kwa kasi mara kadhaa katika safari moja, betri hupata joto na gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji.

Leaf zote mbili kutoka Japani hutumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Kama kituo cha njia yako hakina plagi hiyo, utategemea umeme wa nyumbani. Kwa chaja ya kilowati 3, betri ya 24 huchukua takriban saa 8 kujaa, na ile ya 40 takriban saa 16. Tangi kubwa lina gharama yake ya muda.

Hesabu

Kwenye dashibodi, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna mistari 12 inayoonyesha uwezo wa betri uliobaki. Mstari wa kwanza hupotea betri ikiwa imepungua kama asilimia 15, kwa hiyo mistari yote 12 haimaanishi betri mpya.

Chukua Leaf ya mwaka 2011 ambayo betri yake imebaki asilimia 70. Kilomita 117 zinakuwa kama 82. Kutoka Kampala hadi Jinja ni takriban kilomita 80, yaani utafika ukiwa roho mkononi, na kurudi bila kuchaji hakupo. Leaf ya kilowati-saa 40 iliyobaki asilimia 85 itakupa kama kilomita 206: utakwenda Jinja na kurudi.

Sasa angalia mfano mwingine. Betri ya 24 iliyobaki asilimia 85 ina kilowati-saa 20.4. Betri ya 30 iliyobaki asilimia 70 ina kilowati-saa 21. Ya pili ni ya mwaka wa mbele na bei yake huenda ikawa juu, lakini matangi karibu yanalingana.

Kiwele kilichofungwa

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Uchakavu wa kawaida wa gari la zamani unajulikana na kila mtu. Tatizo ni kuuficha. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu zake, na kwa muda mistari yote 12 ikawaka tena juu ya betri iliyochoka. Mnunuzi anaona mistari, analipa, na baada ya wiki chache inaanza kuzimika.

Jambo hili tumelisoma. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumwacha mnyama bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mwenye maziwa mengi. Aliyedanganywa hivyo alipewa hiari ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Imam Nawawi katika Minhaj akaunganisha na hukumu hiyo maji ya kinu yanayozuiwa kisha kufunguliwa wakati wa kuuza, ili kinu kionekane kina nguvu. Mistari iliyowashwa kwa hila inafanana sana na maji yale.

Je, muuzaji akisema “nauza kama lilivyo, sitaki lawama”? Kwa Mahanafi sharti la kujivua dhamana ya aibu linakubalika. Kwa Mashafii, kauli yenye nguvu ni kwamba halimvui isipokuwa aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua yeye mwenyewe. Na kwa wote, kuficha aibu unayoijua ni dhambi.

La kufanya

Mnunuzi: usitosheke na mistari. Programu ya LeafSpy, kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, husoma afya ya betri kwa asilimia na hali ya kila seli. Kisha liendeshe gari kilomita 20 au 30 na uangalie chaji inavyoshuka, kwa sababu betri iliyochoka haiwezi kujificha barabarani.

Muuzaji au dalali: pima, andika asilimia, mwonyeshe mteja. Bei inaweza kushuka kidogo, lakini riziki yenye baraka haiko katika kile ambacho mnunuzi hakukijua.

Kwa safari za mjini, Leaf ya zamani yenye betri nzuri inatosha. Kwa anayetoka mji hadi mji, ni ya 40 kwenda juu. Kwa wote wawili, pima kwanza.

Wallahu a'lam.