Mtoto Mchanga Mwenye Tundu Moyoni

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya moyo. Kwa hiyo shule yenye wanafunzi mia kadhaa haikosi nyumba iliyopata kumpakata mtoto wa namna hiyo, ingawa pengine ugonjwa haukujulikana jina lake. Nami nimo katika hesabu hiyo. Binti yangu, aliyezaliwa mwaka wa 2016, alikuwa na tundu moyoni. Basi haya nitakayoeleza ni mafundisho ya darasa la baiolojia pamoja na kazi tuliyoifanya nyumbani, usiku na mchana, kwa zaidi ya miezi saba. Nia yangu ni moja: kuonyesha kwamba ugonjwa huu aghalabu hutibika ukijulikana mapema, na kwamba mzazi anayetazama, anayehesabu na anayeandika ni nusu ya tiba.

MOYO KABLA NA BAADA YA KUZALIWA

Kila mwanafunzi anajua kwamba moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na kwamba ukuta hutenga upande wa kulia na upande wa kushoto. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ili ichukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea na kuisukuma mwilini kote. Huu wa kushoto una nguvu zaidi, maana safari ya damu yake ni ndefu.

Moyo hujengwa mapema sana. Huanza kupiga kiasi cha wiki tatu baada ya mimba kutungwa, na kufikia wiki ya nane vyumba vyake na kuta zake huwa zimekwisha kutengenezwa. Ukuta ukibakiwa na nafasi, mtoto huzaliwa na tundu. Ziko kasoro nyingine: mishipa mikubwa iliyobadilishana mahali, njia ya damu iliyo nyembamba mno, au mfereji wa tangu tumboni usioziba baada ya kuzaliwa. Lakini tundu baina ya vyumba vya chini ni kasoro inayoonekana mara nyingi, nalo ndilo nitakalolieleza zaidi.

Watu huuliza: ikiwa tundu lilikuwapo tangu tumboni, mbona mtoto alizaliwa akalia kwa nguvu na kunyonya vizuri, kisha akadhoofika katika mwezi wa pili? Jibu limo mapafuni. Tumboni mtoto havuti hewa, na mishipa ya mapafu yake imebana. Baada ya kuzaliwa mishipa hiyo hulegea kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa. Wakati ingali imebana, damu haipiti kwa wingi tunduni. Ikisha kulegea, damu ya upande wa kushoto wenye nguvu hukimbilia kulia, ikarudi mapafuni ilikotoka. Mapafu hufurika, na moyo hufanya kazi mara mbili. Mfano wake ni mtu achotaye maji kwa ndoo iliyotoboka. Anapofika nyumbani nusu imemwagika njiani, naye hana budi kurudi kisimani. Yeye huchoka, na mtungi haujai. Ndiyo sababu dalili nyingi huonekana kati ya wiki ya nne na ya nane, wakati jamaa waliokuja kumtazama mzazi wamekwisha kwenda zao.

DALILI ZA KUTAZAMA

Kwa mtoto mchanga, kunyonya ndiyo kazi kubwa kuliko zote, kama kwetu sisi kupanda mlima. Kwa hiyo ugonjwa wa moyo huonekana kwanza wakati wa kunyonya.

(a) Mtoto hunyonya kidogo, huachia ziwa ili apumue, husinzia kwa uchovu, na baada ya muda mfupi hulia tena kwa njaa.

(b) Hutoka jasho kipajini anaponyonya, hata wakati wa baridi.

(c) Hupumua haraka. Mhesabu akiwa ametulia au amelala, dakika nzima kwa saa, ukitazama tumbo linavyopanda na kushuka. Mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, hesabu tena. Ikiwa ni vile vile, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Baada ya miezi miwili hadi mwaka, kipimo ni pumzi 50.

(d) Haongezeki uzito. Mtoto mzima hupungua kidogo siku za kwanza, huurudisha uzito wake kufikia wiki ya pili, kisha huongeza kiasi cha gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mstari wa kadi ya kliniki ukilala badala ya kupanda, yafaa sababu itafutwe.

(e) Katika kasoro nyingine, kama ile iliyoelezwa na daktari Mfaransa Fallot mwaka wa 1888, mtoto hugeuka rangi ya buluu. Ngozi yetu nyeusi huificha rangi hiyo. Tazama ulimi, ufizi na ndani ya midomo, tena penye nuru ya mchana. Ulimi wa buluu haungoji kesho.

KAZI YA NYUMBANI

Binti yangu alipotimiza wiki sita, daktari alisikia kifuani mwake mvumo, kama wa maji yapitayo penye mlango mwembamba. Akapimwa kwa kipimo cha eko, ambacho huchora moyo unaopiga kwa mawimbi ya sauti, na tundu likaonekana. Tuliambiwa kwamba ni kubwa, kwamba atapewa dawa ya kupunguza maji mwilini, na kwamba kabla ya kupasuliwa ni lazima akue. Neno "akue" ni jepesi kulitamka. Hivi ndivyo tulivyofundishwa kulitimiza.

Kwanza, kunyonya. Maziwa ya mama ndiyo chakula chake. Mtoto hunyonyeshwa kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, kichwa chake kikiwa juu. Kunyonya kusizidi nusu saa, maana baada ya hapo hutumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Maziwa yanayosalia mama huyakamua, naye hunyweshwa kwa kikombe kidogo kilicho safi. Kikombe cha saa nane za usiku kilikuwa kazi yangu, na nasema bila haya kwamba hiyo ni kazi ya mwanamume kama kazi nyingine. Mtoto asipewe maji ya sukari wala uji wa mapema kwa kudhani utamtia nguvu. Ikiwa maziwa yahitaji kuongezewa kitu, daktari ndiye atakayeelekeza.

Pili, daftari. Tulichukua daftari la kawaida la shule tukapiga mistari: tarehe, saa, muda wa kunyonya, pumzi, dawa, uzito. Daktari humwona mtoto kwa dakika chache tu, lakini daftari humsimulia juma zima. Katika wiki ya nane, siku ya kwanza pumzi zilikuwa 46, siku ya pili 53, siku ya tatu 64, na mtoto hana homa wala mafua. Tuliondoka nyumbani kabla ya jua kupanda. Daktari alisoma mistari mitatu, akampima, akabadili kiasi cha dawa, na baada ya siku mbili pumzi zikashuka. Kama si daftari tungaliweza kusema tu kwamba mtoto "hajambo kidogo."

Tatu, dawa. Hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa mililita, si kwa kijiko cha chai. Mtoto akiitapika, usirudie kabla ya kuuliza. Ukisahau mara moja, usimpe dozi mbili kwa pamoja.

Nne, kumkinga. Mafua ambayo si kitu kwa mtu mzima humlemea sana mtoto huyu. Wageni wanawe mikono, mwenye kikohozi asalimie akiwa mlangoni, na moshi wa jiko na wa sigara uwe mbali naye. Chanjo zote apewe kwa wakati wake. Ugonjwa wa moyo si sababu ya kumnyima. Meno yakiota yasafishwe kila siku, kwa kuwa vijidudu vya meno mabovu huweza kuingia katika damu na kufanya makao moyoni.

Tano, asikatwe kimeo, asing'olewe meno yanayoitwa ya plastiki, wala asichanjwe chale. Mtoto ambaye mapafu yake yamefurika hukohoa na kutapika, ndipo watu husema ni kimeo. Wembe hauzibi tundu. Humletea kuvuja damu na vijidudu, naye hana nguvu ya akiba ya kupigana navyo.

LAWAMA

Mke wangu aliambiwa mengi: kwamba alikula visivyofaa, kwamba alibeba mizigo mizito, kwamba kuna jicho la mtu. Yafaa tuyajibu kwa elimu. Kwa watoto walio wengi, sababu ya kasoro haijulikani. Yako mambo yaliyothibitishwa kuongeza hatari: mama kuugua rubella katika miezi ya mwanzo ya mimba, kisukari kisichotibiwa, pombe, na baadhi ya dawa. Watoto wenye hali ya Down nao, karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Rubella ina chanjo, ambayo Tanzania iliiingiza pamoja na ya surua mwaka wa 2014. Lakini ndoo ya maji kichwani haitoboi moyo wa mtoto, wala husuda ya jirani haitoboi. Tena lawama ina madhara yake: mama anayelaumiwa huficha dalili, na dalili zikifichwa mtoto huchelewa kufika kwa daktari.

TIBA NA WAKATI WAKE

Matundu madogo mengi huziba yenyewe mtoto anavyokua. Yaliyo makubwa hayana subira. Mishipa ya mapafu ikipigwa na damu nyingi kwa muda mrefu, hukakamaa, na ikisha kukakamaa kabisa tundu haliwezi kuzibwa tena hata na bingwa. Kwa hiyo siku ya kliniki isikoswe hata kama mtoto anaonekana amepata nafuu. Pengine nafuu hiyo ni dalili ya mapafu yanayoanza kukakamaa.

Zamani hapakuwa na njia ya kuliziba tundu hili. Tarehe 26 Machi 1954, huko Minneapolis, Marekani, daktari C. Walton Lillehei aliufungua moyo wa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na kuliziba. Wakati wa kazi hiyo mishipa ya mtoto iliunganishwa kwa mipira na mishipa ya baba yake aliyelazwa kando, na moyo na mapafu ya baba yakawahudumia wote wawili. Tundu lilizibwa, lakini mtoto alifariki siku chache baadaye kwa ugonjwa wa mapafu. Wagonjwa 45 walipasuliwa kwa njia hiyo, na 28 walitoka hospitalini wazima. Siku hizi kazi ya yule baba hufanywa na mashine.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka wa 2015 Dar es Salaam, katika eneo la Muhimbili, na watoto hupasuliwa pale. Kabla ya hapo wengi walipelekwa India. Njia huanzia zahanati: omba barua ya rufaa, na kama gharama inakushinda, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, wala usirudi nyumbani kimya.

Binti yangu alipasuliwa akiwa na miezi tisa na uzito wa kilo 6. Leo anasoma shule ya msingi, anakimbia na wenzake, na hupimwa moyo kila mwaka.

MASWALI

1. Kwa nini upande wa kushoto wa moyo una nguvu kuliko wa kulia?
2. Eleza kwa nini dalili za tundu kubwa huchelewa hadi wiki ya nne au zaidi.
3. Rangi ya buluu itazamwe wapi kwa mtoto mweusi, na kwa nini?
4. Jirani asema mtoto anayekohoa akatwe kimeo. Utamjibuje kwa adabu na kwa elimu?
5. Ukiwa na mdogo wako mchanga nyumbani, hesabu pumzi zake amelala, dakika nzima, kwa siku tatu. Andika katika daftari, umwonyeshe mama au baba.