Kamisheni, VAT na Hesabu ya Kilicho Chako

Muuzaji wa magari kwa kamisheni akitaka kujua kama anapaswa kujisajili kwa VAT, mimi humrudishia swali: gari likiuzwa, risiti huandikwa kwa jina la nani? Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka ajisajili kila ambaye mauzo yake yanayotozwa kodi yamefika, au yanatarajiwa kufika, shilingi milioni 5 katika miezi 12, na aombe usajili ndani ya siku 30. (Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa umependekeza kiwango hicho kipandishwe hadi milioni 8, ukafa pamoja na mapendekezo mengine baada ya maandamano ya vijana.) Muuzaji husoma hiyo milioni 5, akakumbuka magari yaliyopita mikononi mwake, akashtuka, kwa kuwa magari matatu tu ya milioni 2 yameshampitisha. Lakini magari hayo hayakuwa yake. Alichouza yeye ni huduma ya kumtafutia mwenye gari mnunuzi, na bei ya huduma hiyo ni kamisheni. Aliyeuza magari 20 kwa mwaka, akilipwa 60,000 kwa kila moja, ana mauzo ya milioni 1.2, hata kama magari yenyewe yalikuwa ya milioni 40. Hajakaribia kiwango.

Hoja hiyo ni rahisi kuisema, ila kuithibitisha ndiko kunakowashinda wengi, na hapa ndipo ninapoomba msomaji akae kidogo. Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ikitilia shaka hesabu za mtu, njia yake mojawapo ni kuchukua taarifa za benki na M-Pesa, kujumlisha kila kilichoingia, kisha kulinganisha na mapato aliyotangaza. Fedha za gari zikipitia kwako, hata kwa saa mbili kabla hujazituma kwa mwenyewe, zitahesabiwa kama mauzo yako mpaka uonyeshe vinginevyo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kifungu cha 56, inamtwika mlipakodi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ni makosa. Kwa hiyo mnunuzi amlipe mwenye gari moja kwa moja, naye mwenye gari akutumie kamisheni yako. Pale ambapo haiwezekani, fungua akaunti ya pembeni ya fedha za wateja, na kila gari lipewe ukurasa wake: namba ya usajili, jina la mwenyewe, bei, siku fedha zilipoingia, siku zilipotoka, namba ya muamala, na kiasi kilichobaki kama kamisheni. Juu ya ukurasa huo bandika barua ya idhini ambayo mwenye gari aliitia sahihi kabla ya mauzo, ikitaja kamisheni. Mkataba wa mauzo uwe kati ya mwenye gari na mnunuzi, na logibuku ihame kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila kupitia jina lako. Karatasi hizo zitunze miaka mitano. Ni kazi ya dakika kumi kwa gari, nami sijaona ulinzi wa bei nafuu kuliko huo.

Kuna desturi moja ya yadi inayoivunja kinga hii yote, nayo ni cha juu. Mwenye gari anasema anataka 900,000, kinachozidi ni chako; muuzaji anauza kwa 980,000 na kumkabidhi mwenyewe 900,000 bila kumwambia gari liliuzwa kwa bei gani. Wauzaji wanaitetea kwamba ndivyo soko lilivyo, na kwamba mwenye gari amepata alichotaka. Hata tukiiweka kando haki ya mwenye gari kujua, kwa upande wa kodi ni hatari tupu: mtu anayejipangia bei mwenyewe, akapokea fedha zote na kubaki na tofauti, anafanana sana na aliyenunua gari kwa 900,000 na kuliuza kwa 980,000. Ukimpa ofisa wa kodi sura hiyo, usishangae akihesabu 980,000 nzima. Hizo 80,000 zikiandikwa kwenye barua ya idhini kama kamisheni, zinabaki kamisheni.

Wapo wanaosema ni heri kujisajili kwa hiari, kampuni kubwa zikuheshimu. Sheria inaruhusu, lakini angalia kwanza anayekulipa ni nani. Akiwa amesajiliwa na anauza vitu vinavyotozwa VAT, ile asilimia 16 unayomtoza anaidai tena, haimgharimu. Akiwa ni mtu binafsi, au, kwa wakala wa viwanja, kampuni ya ardhi ambayo mauzo yake yamesamehewa VAT, basi hana pa kuidai. Ataitafuta ndani ya kamisheni yako. Mkataba usiposema lolote, kampuni itashikilia kwamba kodi imo ndani, na kamisheni ya 100,000 itakatwa 13,793. Ndiyo maana wananikera watu wa saiba wanaomwekea kila anayefungua PIN wajibu wa VAT bila kumuuliza anafanya kazi gani. Kuanzia hapo anadaiwa ritani kila mwezi ifikapo tarehe 20, na akichelewa, faini ni 10,000 au asilimia 5 ya kodi, lolote lililo kubwa, hata kama hakuuza kitu.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kumemaliza mambo, au kumethibitisha kwamba umejiajiri. Ada za uwakala zinazofika 24,000 kwa mwezi hukatwa asilimia hiyo (mawakala wa bima wana yao, 10), lakini ni malipo ya awali tu: unatangaza kamisheni yote kufikia Juni 30 na kuondoa kilichokwisha kukatwa. Usikimbilie kodi ya mauzo ghafi (TOT) ya biashara ndogo, kwa sababu ada za uwakala zinahesabiwa pamoja na ada za usimamizi na taaluma, ambazo haziruhusiwi humo. Kuhusu kujiajiri, kampuni ina sababu nzuri ya kukuita mkandarasi: hailipi mchango wake wa NSSF, wala asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, wala siku 21 za likizo. Nitajibiwa kwamba aliyejisajili kwa VAT amekiri mwenyewe kuwa ni mfanyabiashara. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa hoja ya namna hiyo mwaka 2018 katika kesi ya Pimlico Plumbers: fundi bomba Gary Smith alikuwa amesajiliwa kwa VAT na kulipa kodi kama aliyejiajiri, lakini alivaa sare ya kampuni, aliendesha gari lenye nembo yake na alitakiwa kufanya kazi mwenyewe. Ikaamuliwa kwamba ana hadhi ya mfanyakazi (worker), daraja lililo kati ya mwajiriwa na aliyejiajiri, lenye haki kama likizo ya malipo. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, na daraja lile la kati la mfanyakazi halimo katika sheria yetu, ila maswali iliyouliza yanafaa kuulizwa katika kila yadi: nani anapanga saa zako, unaweza kumtuma mwingine badala yako, unaweza kuuza magari ya yadi ya jirani? Ukiwa na meneja anayekuandikia zamu na kukukataza kuuza kwingine, tunza jumbe zake za WhatsApp pamoja na vyeti vya kodi ya zuio. Na KRA ikikuletea makadirio yaliyohesabu magari badala ya kamisheni, una siku 30 za kuweka pingamizi, na zile kurasa za gari mojamoja ndizo za kuambatisha.