Kamusi Isiyoazima Maneno

Siku moja, nikifundisha Kidato cha Pili, niliuliza maana ya neno "shoka". Mikono mingi iliinuka, na kila jibu likawa neno moja la Kiingereza. Nikasema, "Sasa nielezeni kwa Kiswahili." Darasa zima likanyamaza. Basi nikawasimulia habari za Wanahua wa Meksiko, nami naziandika hapa ili wazazi nao wazisome.

Lugha ya Wanahua ni Kinahuatl. Jina lenyewe la Meksiko latokana nayo, na hata "tomato" ya Waingereza asili yake ni tomatl. Wahispania waliuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521. Mwaka 1571 padri Alonso de Molina alichapisha kamusi kubwa, akieleza maneno ya Kinahuatl kwa Kihispania.

Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata wasemaji zaidi ya 1,600,000. Je, lugha yenye watu wengi hivyo yaogopa nini? Yaogopa ukimya wa nyumbani. Katika karne ya 20 watoto wengi waliadhibiwa shuleni kwa kuisema. Walipokuwa wazazi, wengi waliona heri wawasemeshe watoto wao Kihispania, wasije wakapata aibu ile ile. Sheria ya mwaka 2003 iliitambua kuwa lugha ya taifa, pamoja na lugha nyingine za wenyeji. Lakini sheria haimbembelezi mtoto.

Kwa hiyo wenyewe walishika kazi. Mwaka 2002 kilianzishwa chuo katika mji wa Zacatecas, ambako vijana wa Kinahua, wengi wao kutoka Chicontepec katika jimbo la Veracruz, walifundisha na kuandika kwa lugha yao, pamoja na mwalimu Mmarekani, John Sullivan. Mwaka 2016 kamusi yao ilichapishwa. Humo kila neno la Kinahuatl laelezwa kwa Kinahuatl kitupu.

Hapo ndipo penye funzo. Aelezaye neno kwa lugha yake huonyesha kwamba lugha hiyo yaweza kubeba elimu, si salamu tu.

Zoezi: Eleza kwa Kiswahili, bila neno la kigeni: shoka, jivu, deni, kivuli, huruma. Kisha mwombe mzee wako akueleze maneno hayo kwa lugha ya nyumbani kwenu. Atakayeshindwa asione haya. "Kivuli" kilinishinda mimi mara mbili.