UDONGO UNA WAFANYAKAZI WAKE

Chota udongo wa shambani kiasi cha kijiko cha chai. Kwa macho utaona mchanga, vumbi na vipande vya mizizi. Lakini ndani yake wamo vijidudu walio hai, na hesabu yao yaweza kufika mamia ya mamilioni. Wanaitwa bakteria.

Tukisikia neno bakteria, wengi wetu tunafikiri ugonjwa tu. Ni kweli, wapo wanaoleta kipindupindu na kifua kikuu. Lakini wengi walio udongoni ni wafanyakazi wetu. Wanaozesha majani, mabua na samadi mpaka vinakuwa chakula cha mimea. Chakula kimoja kikubwa ni naitrojeni. Mahindi yakiikosa, majani ya chini huwa ya njano na mavuno huwa haba.

JOTO LINAFANYA NINI?

Kwenye baridi bakteria huzubaa. Joto likiongezeka nyuzi 10, tuseme kutoka 15 hadi 25, kazi yao hukaribia kuwa mara mbili, mradi udongo una unyevu. Ndiyo maana ukiteremka kutoka milima ya Mbeya kuja Chunya, samadi huoza upesi kuliko kule juu. Hiyo ni faida, maana mmea hupata chakula mapema. Tena ni hasara, maana mboji huisha upesi, hasa penye udongo wa kichanga.

Joto likizidi ni baya. Mwezi wa Oktoba, shamba lililochomwa moto likabaki tupu huunguza nyayo. Bakteria wengi hufa kwa joto na ukame. Waliobaki hulala, wakingoja maji.

Mwaka 1958 mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya utafiti Muguga nchini Kenya, alieleza jambo la maana. Udongo uliokauka ukipata maji, bakteria huamka kwa ghafla na kuozesha kwa kasi. Naitrojeni nyingi hutoka kwa muda mfupi, halafu kasi hupungua.

Basi tufikiri. Mvua za kwanza zikinyesha, chakula hicho kipo tayari. Aliyewahi kupanda, mahindi yake yanakikuta. Aliyechelewa wiki tatu, mvua imekwisha kukishusha chini ambako mizizi michanga haifiki. Kumbe bwana shamba akisema "wahini kupanda", sababu iko ardhini!

JE, MBOLEA YA CHUMVICHUMVI INAWAUA?

Ikitumiwa kwa kipimo, haiwamalizi. Tena urea inawahitaji. Bakteria ndio wanaoigeuza mpaka mizizi iweze kuinyonya vizuri. Lakini ukiimwaga juu ya udongo wa moto bila kuifukia, sehemu yake hugeuka hewa ya amonia na kupaa. Hapo fedha yako imepaa nayo.

Mbolea kama SA, ikitumiwa peke yake miaka mingi, huutia udongo uchachu. Udongo ukiwa mchachu sana, bakteria wengi wenye manufaa hupungua, na mkulima huona mbolea ni ile ile lakini mavuno yanashuka. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, lakini kwanza udongo upimwe. Muulizeni bwana shamba wenu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kiko karibu na mji wa Mbeya.

Tukumbuke pia kwamba chumvichumvi humlisha mmea. Bakteria wanataka samadi, mboji, mabua na majani. Asiyewalisha wafanyakazi wake asishangae kazi ikilala.

TUFANYE NINI?

1. Tusichome mabua. Tuyatandaze shambani yazuie jua na kutunza unyevu.
2. Tutoe samadi iliyooza mazizini, tuipeleke shambani kabla ya mvua.
3. Tupande mara mvua za kupandia zinapoanza.
4. Tufukie mbolea, tusiimwage juu.
5. Tubadilishane mazao: mwaka huu mahindi au tumbaku, mwaka ujao karanga.

TUJARIBU WENYEWE

Karanga au maharage yakitoa maua, chimbua shina moja polepole, usilikwanyue. Utaona vinundu mizizini. Humo wanakaa bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, kazi haifanyiki. Shamba lililotiwa mbolea nyingi ya naitrojeni huwa na vinundu vichache, kwa sababu mmea umeshapata chakula bila kuwahitaji.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini samadi huoza upesi Chunya kuliko milimani Mbeya?
2. Aliyechelewa kupanda anapoteza nini?
3. Kijijini kwenu mabua yanakwenda wapi baada ya mavuno? Je, mnaweza kubadili?