Deni Limekwisha, Sasa Tuishi Vipi?

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kuandika mapato na matumizi ya nyumba, na jinsi familia inavyoweza kutoka katika deni pole pole. Leo tuangalie jambo ambalo sisi wenye kufundisha bajeti hulisahau. Siku deni likiisha, watu wa nyumba hiyo waishi namna gani? Wengi hudhani kazi imekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoitwa katika nyumba moja mwaka jana.

Mwaka wa 2021 bwana na bibi wa huku kwetu kwenye majani chai walikopa Sh150,000 kutoka Sacco. Bwana ni fundi wa mawe. Alikuwa ameanguka kazini, akavunjika mguu na kufanyiwa upasuaji. Riba ilikuwa 1% kwa mwezi kwa deni linalobaki, na muda wa kulipa miezi 36. Hesabu yake ni karibu Sh5,000 kila mwezi, na hao ni watu ambao mapato yao yote, chai na ujenzi pamoja, mara nyingi hayapiti Sh22,000. Wadhamini wao walikuwa majirani wa jumuiya hiyo hiyo. Kwa hivyo kushindwa kulipa kungewaletea aibu kila Jumapili.

Walijibana kweli kweli. Nyama ilikuwa ya Krismasi tu. Mama hakununua leso kwa miaka mitatu. Harusi za watu hawakwenda, kwa sababu harusi ni mchango. Mwezi wa Septemba 2024 wakamaliza. Mama alinionyesha daftari lake, kila mwezi una alama, na mimi nikafurahi kama deni lilikuwa langu.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mama hakubadilisha kitu. Zile Sh5,000 akaanza kuzipeleka zote akiba. Nilimsifu, tena nilimsifu mbele ya watu katika semina.

Katikati ya 2025 binti yao alipokea Komunio ya Kwanza. Mama alisema gauni litaazimwa, na chai na mandazi vinatosha. Baba watoto akanyamaza. Lakini siku yenyewe kulikuwa na gauni jipya, kuku wanne, chapati na kreti nzima ya soda. Baba akasema kuna mtu alikuwa amemlipa kazi ya zamani. Haikuwa kweli. Alikuwa amekopa Sh8,000 kwa simu, ada 7.5% kwa mwezi. Mwezi ukiisha, analipa kwa pesa ya kazi, halafu siku hiyo hiyo anakopa tena ili nyumbani kusionekane pengo. Kila mara ada ni Sh600. Mara tano ni Sh3,000, na deni la Sh8,000 liko palepale.

Novemba mama akaona ujumbe kwenye simu. Wakagombana, naye akarudi kwao na mtoto mdogo kwa majuma mawili. Hapo ndipo mwenyekiti wa jumuiya aliponiita.

Baba alisema hivi: "Mwalimu, deni lilikwisha kwa Sacco, lakini hapa nyumbani halikuisha. Miaka minne sijamnunulia mtoto wangu hata soda." Naye mama akasema, "Mimi nikiacha shilingi itoke, naona tena kile kitanda cha hospitali." Nikaona wote wawili wana haki.

Niliomba kuona akiba. Ilikuwa Sh70,000, yaani miezi 14 mara Sh5,000. Hebu fikiria. Nyumba yenye Sh70,000 ilikuwa ikilipa Sh600 kila mwezi kwa sababu ya deni la Sh8,000, kwa kuwa mmoja hakuweza kuomba na mwingine hakuweza kutoa. Nikaomba pia ile karatasi ya bajeti. Ilikuwa na chakula, karo, mbolea, mafuta ya taa, deni, akiba. Mstari wa furaha haukuwapo. Na karatasi hiyo niliichapa mimi mwenyewe nikawapa.

Basi somo la leo ni kuirekebisha karatasi hiyo.

Jambo la kwanza ni kwamba akiba lazima iwe na kipimo. Bila kipimo, mtu aliyewahi kuumizwa na deni ataweka na kuweka, na hofu haitatoka. Kwa familia ya kawaida, akiba ya dharura ikifikia matumizi ya miezi mitatu, hiyo ni ngao nzuri. Nyumba hii hutumia kama Sh17,000 kwa mwezi, kwa hivyo kipimo chao ni Sh51,000. Walikuwa wamekipita bila kujua! Mama alipoiona hesabu hiyo alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kumbe tumefika?"

Jambo la pili, pesa iliyokuwa ikienda kwa deni igawanywe mara moja, juma lile lile deni linapokwisha. Pesa isiyopewa kazi hujitafutia kazi yenyewe. Kwanza walitoa Sh8,600 kwenye akiba wakafunga deni la simu. Halafu tuligawa zile Sh5,000 mezani kwao, watoto wakubwa wakisikiliza. Akiba ni Sh2,000, karo Sh1,200, zaka na michango ya jumuiya Sh400. Bima ya afya ni Sh300, ambacho ndicho kiwango cha chini cha SHA iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Kwa asiyeajiriwa hulipwa ya mwaka mzima, Sh3,600, kwa hivyo ni lazima iwekwe kidogo kidogo. Msisitizo wangu hapo ulikuwa mkubwa, kwa sababu deni lao lilianzia hospitalini. Furaha ya familia ni Sh700. Na zile Sh400 zilizobaki, Sh200 ni za baba na Sh200 za mama, kila mtu atumie bila kuulizwa.

Wengine watasema Sh700 ni upuuzi. Zidisha kwa 12 upate Sh8,400. Ile karamu ya Komunio iligharimu Sh8,000. Wangeweza kuila yote bila kukopa senti moja, kama wangeanza kuiweka mwaka mmoja mbele.

Hapa nina neno kwa akina baba. Katika nyumba nyingi ninazotembelea, "furaha ya familia" maana yake ni furaha ya baba, na iko kilabuni. Mama hana mstari wowote, na akinunua kitambaa cha kichwa anaulizwa pesa zimetoka wapi. Ndiyo maana hizo Sh200 za mama ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Pesa ya furaha ya wote iamuliwe na wote. Watoto nao waulizwe, maana mara nyingi wao huomba vitu vya bei rahisi. Yule binti, alipoulizwa, alitaka chapati Jumapili moja kila mwezi, na baba awepo.

Kuna wanaoona kwamba Mkristo akitumia pesa kwa karamu amekosea. Wasome Kumbukumbu la Torati 14:22-29. Waisraeli waliambiwa wapeleke zaka zao mahali patakatifu na wazile huko mbele ya Bwana. Aliyekaa mbali aligeuza mazao yake kuwa fedha, na akifika akanunua chochote roho yake ilichotamani, nyama na divai, akafurahi na watu wa nyumba yake. Lakini angalia pia kwamba hawakuruhusiwa kumsahau Mlawi, na kila mwaka wa tatu zaka hiyo iliwekwa kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane. Hiyo karamu ilikuwa na wakati wake na kipimo chake, na mezani palikuwa na nafasi ya asiye na kitu. Naye Papa Leo wa XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alidai mfanyakazi apate mshahara wa kumtosha kuishi, na pia apumzike siku ya Bwana.

Sijasema tule pesa ovyo. Wapo waliomaliza deni mwezi wa Septemba, bonasi ya chai ikaingia Oktoba, na kufika Desemba wana makochi na televisheni ya kulipa pole pole, kisha Januari wanatafuta karo kwa simu. Kwao nasema bonasi igawanywe kwenye karatasi kabla haijafika, na kitu cha kununua kwa malipo ya polepole si furaha, ni deni lililovaa nguo nzuri. Pesa ya furaha ikiisha, imeisha, tunangoja mwezi mwingine.

Mama alirudi nyumbani. Bado ni mgumu wa mkono, na baba bado hulalamika, lakini daftari sasa linaandikwa na wote wawili, na simu haifichwi. Mwezi wa kwanza pesa ya furaha ilibaki, kwa sababu mama alisahau kuitoa. Mwezi wa pili watoto walimkumbusha.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:
Nyumbani kwako, akiba ina kipimo, au ni kuweka tu?
Ni nani katika nyumba yenu ambaye hana hata shilingi mia ya kutumia bila kuulizwa?
Mara ya mwisho mlipofurahi pamoja kama familia, pesa ilitoka wapi?