Miaka 10 ya Lazima: Mtoto wa Saadani Atasomea Wapi?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10. Kwa wazazi wa Saadani na vijiji vingine vya mwambao wa kaskazini ya mji wa Bagamoyo, jambo hilo limezaa maswali mengi. Haya ndiyo ya msingi, pamoja na majibu ya mwalimu anayeufahamu mwambao huu. Panapofaa ameitazama Japani, nchi ambayo elimu ya miaka 9 ni ya lazima tangu 1947.

Mwalimu, kimebadilika nini hasa?

Mtoto atasoma mwaka 1 wa awali, kisha miaka 10 ya lazima: 6 ya msingi badala ya 7, na 4 ya sekondari. Zamani mtihani wa darasa la saba uliwafungia wengi mlango. Sasa safari ya lazima itafika kidato cha nne.

Utekelezaji ulianza Januari 2024. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, na waliokuwa la nne watamaliza la saba mwaka huohuo. Maana yake makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028.

Shule ni za aina ngapi, na nitachaguaje?

Kwa umiliki kuna za serikali, za taasisi za dini na za watu binafsi. Kwa malazi kuna za kutwa, za hosteli na za bweni. Zipo za vipaji maalumu, kama Kibaha hapa mkoani Pwani, na zisizo za serikali zenye jina kubwa, kama Marian Girls ya Bagamoyo. Zipo pia shule shikizi, zinazoanzishwa karibu na watoto wadogo wasioweza kutembea hadi shule mama. Lakini wengi wa watoto wetu husoma shule ya msingi ya kijiji, kisha sekondari ya kata.

Japani nayo ina shule za taifa, za serikali za mitaa na za binafsi. Hata hivyo, kwa miaka ile 9 watoto walio wengi husoma shule ya umma ya mtaani kwao. Mzazi hana haja ya kuikimbia, kwa sababu walimu huhamishwa kila baada ya miaka kadhaa, na shule moja haiwezi kuwahodhi walio bora. Kwangu hicho ndicho kipimo cha mfumo mzuri: shule iliyo jirani iwe inatosha.

Na sekondarini, mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi, ni wa walioshindwa?

Hapana, na tuache kuwaambia watoto hivyo. Mwanafunzi wa amali anasoma masomo ya jumla pamoja na fani: ufundi, kilimo, ukarimu, michezo, sanaa na nyinginezo. Japani ina vyuo vya teknolojia viitwavyo kosen, vilivyoanza mwaka 1962, ambavyo humchukua kijana wa miaka 15 na kumfundisha uhandisi kwa miaka 5. Ina hata sekondari za juu za uvuvi, ambako kijana hujifunza unahodha, ufugaji wa samaki na usindikaji.

Sisi tuna Mbegani, kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na tuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mtoto wa mvuvi wa kamba anayeielewa hesabu ya barafu, injini na bei ya soko hajashindwa kitu.

Na madrasa je? Mwanangu anakwenda chuoni kila jioni.

Aendelee. Watoto wa Bagamoyo walisoma Kurani vyuoni kabla mapadri wa Roho Mtakatifu hawajafungua misheni yao mwaka 1868. Watoto wengi wa Japani nao hutoka shule wakaenda kwenye masomo ya jioni, yanayoitwa juku. Kinachohitajika ni mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule kupanga saa pamoja, mtoto apate muda wa kazi za nyumbani na wa kulala.

Sekondari iko mbali na njia inapita hifadhini. Lazima hiyo itatekelezwaje?

Hapa ndipo penye uzito. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na kijiji kimo kati ya bahari na wanyama. Kumwambia mtoto wa miaka 13 atembee alfajiri penye tembo na nyati si elimu ya lazima, ni hatari ya lazima.

Mwaka 1954 Japani ilitunga sheria ya kuendeleza elimu katika maeneo yaliyo mbali: visiwa, milima na vijiji vidogo. Iliziagiza serikali za mitaa kujenga nyumba za walimu na kuwarahisishia watoto usafiri, na mwalimu wa huko hulipwa posho maalumu. Mwaka huohuo ilitunga sheria ya chakula cha shuleni. Ililazimisha mtoto asome, na yenyewe ikajifunga kumfikia alipo.

Kwetu ada za shule za serikali zilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hilo ni jambo kubwa. Lakini ada ikiondoka na umbali ukabaki, mtoto wa Saadani bado yuko nje.

Mwanangu aliacha shule akaingia baharini. Binti yangu alipata mimba. Wamechelewa?

Hawajachelewa. Mpango wa MEMKWA huwapokea watoto na vijana waliokosa elimu ya msingi na kuwarudisha kwenye mfumo. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Nenda kwa mwalimu mkuu au afisa elimu kata, na umpeleke mtoto mwenyewe. Aibu isimzuie.

Tuanzie wapi?

Anzieni mkutano mkuu wa kijiji. Hesabuni watoto watakaoingia kidato cha kwanza mwaka 2028, jina kwa jina. Ulizeni watalala wapi, watakula nini na nani atawafundisha. Takeni hosteli na nyumba za walimu ziwe kwenye bajeti ya halmashauri kabla ya mwaka huo, na diwani aje awajibu, majibu yake yaandikwe kwenye kumbukumbu. Serikali imewaambia watoto wenu kwamba lazima wasome. Nanyi mna haki ya kuiambia serikali kwamba lazima iwafikie.